Mzazi Asiyemtambua Tena Mwanawe

Amri ya nne ya Mungu yajulikana na kila mtoto aliyekaa katika darasa la katekismu. Mtoto huikubali kwa urahisi, kwa kuwa wakati ule baba ana nguvu, na mama ndiye anayepakua bugali. Kumheshimu mtu awezaye kukupa na kukunyima si kazi kubwa. Ugumu wa amri hiyo huja miaka 40 au 50 baadaye, siku ile mama mzee anapomtazama binti aliyemzaa na kumwuliza kwa adabu: « Wewe ni mgeni wa nani? »

Siku hiyo wengi huona kama amri imekwisha. Hakuna asemaye hivyo kwa kinywa, bali matendo husema. Watu huanza kuzungumza habari za mzee mbele yake, kana kwamba ni kinu kilichowekwa pembeni. Hawamwamkii tena asubuhi, kwani, wasema, atasahau hata hivyo. Hawamwiti « baba ». Wasema « yule mzee ». Wageni wakija, hufichwa katika chumba cha nyuma. Lakini Maandiko Matakatifu hayakuliacha jambo hili. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya tatu, mwenye hekima amwagiza mwana amtunze baba yake uzeeni, naye ataja waziwazi hali ile ambayo akili za baba zimekwisha kupungua. Hata hapo, asema, mwana amvumilie, wala asimdharau kwa sababu yeye mwenyewe angali na nguvu. Kitabu kile kiliandikwa karibu miaka 200 kabla ya kuzaliwa kwa Kristu. Wanaosema kwamba ugonjwa huu ni jambo geni la siku hizi na wakisome.

Amri haikusema: umheshimu mzazi anayekutambua. Yasema juu ya mzazi. Mama hakufanywa mama kwa kulikumbuka jina la mtoto. Alikuwa mama kabla mtoto hajapewa jina lolote.

Je, ugonjwa wenyewe ni nini? Madaktari huuita dimensia. Si ugonjwa mmoja tu, bali ni jina la hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo, hata kukumbuka, kufikiri, kusema na kujiongoza kukapungua mwaka kwa mwaka. Ulio mkubwa kati yao waitwa Alzheimer, kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Huyo alimpokea katika hospitali ya Frankfurt, mwaka 1901, mwanamke mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 51 tu, ambaye alikuwa amepotewa na kumbukumbu na kumwonea mumewe wivu usio na sababu. Mwanamke yule alipokufa mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona ndani yake uchafu na nyuzi zilizosokotana. Basi tangu zaidi ya miaka 100 yafahamika kwamba ugonjwa huu una mahali pake katika mwili, kama kidonda kilivyo na mahali pake, ingawa hiki hakionekani kwa macho.

Kumbukumbu hupotea kwa utaratibu wake. Mambo ya jana hutangulia kwenda, na mambo ya utotoni hukaa hadi mwisho. Ni kama ukuta wa udongo unyeshewao na mvua, ambao udongo uliopakwa mwisho ndio unaodondoka kwanza. Ndiyo sababu mzee hajui kama amekula leo, lakini aweza kutaja majina ya ng'ombe wote wa babu yake. Watoto wasiojua hili humdhania kuwa anajifanya. Tena si kila kusahau ni ugonjwa. Mzee anayesahau alipoweka ufunguo ni mzee tu. Anayeushika ufunguo mkononi, asijue ni wa kazi gani, huyo apelekwe kwa daktari.

Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi zisizo tajiri. Wengine husema kwamba Waafrika hawaupati. Wataalamu walipowapima wazee wenye miaka 65 na zaidi katika miji miwili ya jirani, mwaka 2008 na 2009, waliwakuta wenye ugonjwa huu karibu 7 katika kila 100 huko Brazzaville, na 8 katika kila 100 huko Bangui.

Kabla ya kukubali kwamba ni dimensia, mgonjwa apelekwe hospitali. Akili ikivurugika ghafula, kwa siku mbili tatu, mara nyingi ni malaria, au homa ya mapafu, au maambukizo ya mkojo, au kukosa maji mwilini, na hayo yatibika. Kuchelewa ndiko kunakoua. Hata kusahau kunakokuja polepole kwaweza kutoka katika upungufu wa damu na wa vitamini, kaswende ya zamani, au huzuni kubwa baada ya msiba. Dimensia ya kweli, hadi leo, haina dawa ya kuiponya. Ziko dawa zinazopunguza dalili kwa muda, nazo ni ghali. Anayeuza dawa ya kuiponya kabisa asema uongo, awe ameketi dukani au awe ameshika Biblia mkononi. Kwa upande wa kujikinga, kundi la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wasingefikia hali hiyo: kati yake mna tansio isiyotibiwa, ugonjwa wa sukari, tumbaku, ulevi, uziwi usiosaidiwa, na kukaa pweke. Vijana wayafikirie mapema, kwa kuwa uzee hutayarishwa katika ujana.

Sasa yafaa kusema wazi, kwa maana damu imemwagika. Katika Kivu na kwingineko, dalili za ugonjwa huu husomwa kama dalili za uchawi. Mzee aamka usiku wa manane, atoka nje, azunguka nyumba za watu: kwa jirani, huyo ni mchawi aliyekamatwa kazini. Kumbe mgonjwa hawezi tena kutofautisha usiku na mchana, naye aitafuta nyumba ya baba yake iliyobomoka zamani. Azungumza peke yake na dada aliyekufa: watu wasema aita mizimu. Akutwa uchi kando ya mlango: wasema ndivyo wachawi wanavyotembea. Kumbe ametoka kwenda haja, akavua kitenge, asijue tena namna ya kukivaa. Amshitaki mjukuu kwamba amemwibia fedha, na kesho yake mjukuu ashikwa na homa: basi, kwao hukumu imekwisha kutolewa.

Na kuna jambo ambalo wachache hulifikiri. Watu humweka mzee katikati, wakamwuliza: « Ni wewe uliyemla mtoto wa fulani? » Naye ajibu: « Ndiyo. » Kelele zapanda: amekiri! Lakini mwenye ugonjwa huu hujibu ndiyo kwa maneno mengi asiyoyafahamu, ama kwa kuogopa sauti kali, ama kwa kutaka kuwapendeza wanaomzunguka, ama kwa kuwa hakumbuki hata alikula nini asubuhi, basi hawezi kukana lolote. Akiulizwa kama ni yeye aliyelijenga kanisa kuu la Bukavu kwa mikono yake, huenda pia atajibu ndiyo. Ungamo la namna hiyo halina uzito wowote. Padri hawezi kulihesabu kuwa maungamo, na hakimu mwenye haki hawezi kulihesabu kuwa ushahidi; kwa nini basi kundi la vijana barabarani walihesabu kuwa ruhusa ya kuua?

Mwaka 2021, katika sehemu kadhaa za Kivu ya Kusini, wanawake, na wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi mashitaka huanzia kwa mtu anayejiita nabii, ambaye hutaja jina, akachukua sadaka yake na kwenda zake. Wanaobaki na mikono yenye damu ni majirani. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Na kabla ya Katiba kulikuwa na amri ya tano. Aliyerusha jiwe, na aliyepiga kelele tu, na aliyenyamaza ndani ya nyumba yake alipoweza kuwaita watu wa serikali, au mkatekista, au chifu, kila mmoja ana la kujibu mbele ya Mungu.

Dawa ya uzushi huu ni kusema mapema. Familia inayoficha ugonjwa kwa aibu yawaachia wengine nafasi ya kuueleza. Mtoto na aende kwa majirani kabla ya balaa, awaambie: mama yetu ana ugonjwa wa ubongo, daktari ameuona, mkimkuta nje usiku, msimpigie kelele, mshikeni mkono mmrudishe nyumbani. Hilo litangazwe pia katika mkutano wa shirika.

Tena aibu hiyo haina msingi kwa Mkristu. Wakristu wa Kongo wamjua vema Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, ambaye Papa Pius XI alimweka mwaka 1927 awe msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri. Wachache zaidi wajua yaliyompata baba yake. Louis Martin alikuwa fundi wa saa huko Alençon, katika Ufaransa, mtu wa sala na mwenye akili timamu katika biashara yake, aliyefiwa na mke mwaka 1877 na kuwalea binti watano. Miaka kumi baadaye ugonjwa wa mishipa ya ubongo ulianza kumla. Mnamo Juni 1888, miezi miwili baada ya Tereza kuingia Karmeli, mzee alitoweka nyumbani pasipo kumwambia mtu. Walimtafuta siku nne, wakampata mbali, katika mji wa bandari wa Le Havre. Kisha akaanza kuona vita visivyokuwapo, hata akashika bastola ili awakinge binti zake na adui. Tarehe 12 Februari 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu.

Watu wa Lisieux walisema nini? Walisema yale yanayosemwa kila mahali. Hawakutaja uchawi, bali walitafuta mkosaji: ni binti zake waliomvunja moyo kwa kumwacha na kwenda utawani, hasa yule mdogo. Tereza aliyasikia maneno hayo akiwa ndani ya kuta za monasteri, asiweze kwenda kumwona baba yake. Dada zake Céline na Léonie walihamia Caen kwa miezi kadhaa ili wawe karibu, nao waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa juma. Mwaka 1892, miguu yake ilipokuwa imelemaa, walimrudisha nyumbani, na Céline akamtunza hadi kifo chake, tarehe 29 Julai 1894. Céline alikuwa ameazimia tangu zamani kuingia Karmeli. Alingoja. Hakuingia mpaka baba alipokwisha kuzikwa.

Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko alimtangaza Louis Martin kuwa mtakatifu, pamoja na mke wake Zélie. Kanisa liliyachunguza maisha yake yote, na miaka ile ya Caen haikuhesabiwa kuwa doa. Yafaa pia kuangalia kwamba familia ile iliyompenda sana ilikubali kumpeleka hospitali, nyumba ilipokuwa imekuwa ya hatari. Kuomba msaada si kumtupa mzazi. Kumtupa ni kumpeleka mahali na kutorudi kumtazama.

Namna ya kumtunza haijifunzwi kwa siku moja. Jambo la kwanza, na ndilo gumu kuliko yote, ni kuacha kushindana naye. Mama amwulizia mumewe aliyekufa miaka 20 iliyopita. Binti amjibu: « Baba alikufa, umesahau? » Mama alia kama mjane wa leo, kwa kuwa kwake habari ni ya leo. Baada ya saa moja auliza tena, na msiba waanza upya. Je, binti aseme uongo, naye ajua amri ya nane? Si lazima. Na aseme: « Baba alikuwa fundi hodari, hebu nieleze mlivyooana. » Hajasema uongo wowote, na mama amepata alichokuwa anakitafuta, yaani kuzungumza juu ya mume wake. Vivyo hivyo akisema ameibiwa pochi, yule anayeshitakiwa asijitetee kwa hasira, amsaidie kuitafuta. Mara nyingi itapatikana chini ya godoro, alikoificha mwenyewe.

Aambiwe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, na msemaji asimame mbele yake, si nyuma. Siku zake zifuate mpango ule ule: kuamka, kunawa, uji, jua kidogo nje. Kila badiliko lamchosha. Mbabula ya makala isiachwe karibu naye, wala panga, wala dawa za panya. Na nyumba iliyo kando ya ziwa au mto iwe na mtu wa kuuangalia mlango. Usiku iwepo taa ndogo, kwani giza humzidishia hofu. Kumfunga kamba mguuni, kama wafanyavyo wengine, humwumiza na kumtia wazimu zaidi. Mbwa na mbuzi ndio wanaofungwa. Akianza ghafula kupiga watu au kulia, asihesabiwe kuwa mbaya: pengine ana maumivu ya jino, au hajapata choo siku tatu, au ana homa, naye hawezi tena kusema.

Kuoga kwahitaji heshima kubwa. Mama mzee hapendi kuvuliwa nguo na mtoto wa kiume, hata akiwa hajui tena kuwa ni mtoto wake. Aibu yake haijafa. Atafutwe binti, au mwanamke wa shirika, na maji yawe ya moto kidogo, na kitenge kimfunike hadi sehemu inayooshwa. Tena asinyang'anywe kazi zote. Mikono hukumbuka kuliko kichwa: aliyepura maharage maisha yake yote ataweza kuyachambua, hata kama yatachambuliwa tena baadaye kwa siri. Na aliyesali Rozari tangu ujana, akisikia wengine wakianza, mara nyingi midomo yake itafuata, ingawa jana hakuweza kutamka jina lake mwenyewe.

Bado habari ya anayemtunza. Katika nyumba nyingi mzigo wote huangukia mtu mmoja: mkaza mwana, au binti asiyeolewa, au mjukuu wa kike anayetolewa shuleni kimya kimya. Ndugu walio Goma, Lubumbashi au Ulaya hutuma fedha kidogo, na hutuma mashauri mengi kwa simu. Fedha ni njema, na zitumwe. Lakini amri ya nne haikuandikwa kwa wale tu waishio karibu na kitanda. Kaka aliye mbali na apange majuma mawili kwa mwaka aje alale chumba kimoja na baba yake, dada apate kupumzika. Akiisha kuzimaliza usiku tatu mfululizo, mashauri yake yatapungua. Anayemtunza atakasirika, atapaza sauti, na baadaye atalia kwa majuto. Huyo asihukumiwe na watu wasiowahi kuamshwa mara tano kwa usiku. Shirika na limsaidie kwa vitendo: leo mmoja aje kukaa na mgonjwa saa mbili ili mtunzaji aende sokoni, kesho mwingine alete maji na sombe iliyopikwa. Na mjukuu arudishwe shuleni.

Kuhusu sakramenti, wengine hufikiri kwamba asiyefahamu tena hana haki nazo. Sivyo. Mpako wa wagonjwa haukuwekwa kwa ajili ya dakika ya mwisho tu. Mkristu anayeanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au kwa uzee aweza kuupokea, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakubali upewe yule aliyepotewa na fahamu, kama alipokuwa na akili zake aliuomba, walau kwa namna ya maisha yake. Kwa habari ya Komunyo, Papa Benedikto XVI alifundisha mwaka 2007 kwamba wabatizwa wenye ulemavu wa akili wasinyimwe inapowezekana, kwani wapokea katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Padri wa parokia atatazama kama mgonjwa aweza kumeza pasipo hatari.

Lakini padri asiitwe mgonjwa akiisha kunyamaza. Aitwe mwanzoni, dalili zinapoanza kuonekana, wakati mzee angali aweza kuungama kwa kinywa chake na kuomba anachokitaka. Siku hizo hizo watoto wakae naye pamoja, wote, pasipo haraka, wamwulize na waandike mbele ya mashahidi: shamba limegawanywaje, nani anamdai na yeye anamdai nani, wimbo gani aupenda, azikwe wapi, na ni nani amtakaye aushike ufunguo wa sanduku lake.